Filamu Iliyoteuliwa Kuwania Tuzo: Ipi Inastahili Tiketi na Ipi Isubiriwe

Msimu wa tuzo unapokaribia, mabango ya filamu hubadilika sura: majina ya waigizaji husogezwa kando, na mahali pake huandikwa kwa herufi kubwa kwamba filamu hiyo imeteuliwa mara sita, nane au kumi. Mnunuzi huiona idadi hiyo kama muhuri wa ubora, ilhali idadi peke yake haimwelezi jambo analolihitaji zaidi kabla ya kufungua pochi, yaani ni nani aliyeiteua filamu hiyo na kwa sababu ya kazi ipi. Hapa chini nimezipanga aina za uteuzi kuanzia ile inayostahili kulipiwa mapema hadi ile ambayo nisingeilipia kabisa.

Nianze na tuzo za Oscar, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1929. Katika vipengele vingi vya tuzo hizo, uteuzi hufanywa na watu wa fani husika: waigizaji huwateua waigizaji, wahariri huwateua wahariri, na wapiga picha huwateua wapiga picha. Ushindi ni jambo jingine, kwa sababu katika duru ya mwisho wanachama wa fani zote hupiga kura pamoja, hata mhariri akawa anaamua mavazi yapi ni bora. Kwa hiyo ninauamini uteuzi wa kifundi kuliko ushindi wenyewe. Ni mwaka 2025 tu ndipo Akademia, yaani chama cha watu wa filamu kinachotoa tuzo za Oscar, ilipotangaza kwamba mwanachama hana budi kuzitazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele kabla ya kukipigia kura ya mwisho. Msomaji na apime mwenyewe mambo yalivyokuwa kabla ya hapo.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa filamu iliyoteuliwa kwa upigaji picha, sauti au madoido ya picha, na hasa iliyoteuliwa kwa mawili kati ya hayo. Hiyo ilipiwe tiketi ya jumba la sinema, tena katika ukumbi wenye skrini kubwa kuliko zote, hata kama haikutajwa katika kipengele cha Filamu Bora. Sababu ni kwamba kinachosifiwa ndicho hicho hicho kinachopotea nyumbani: giza lenye tabaka nyingi huwa doa jeusi tu kwenye televisheni iliyo karibu na dirisha, na mnong'ono uliowekwa nyuma ya ukumbi kwa makusudi hausikiki kabisa kwenye simu. Chagua kiti cha katikati, kiasi cha theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini, kwa maana sauti ya filamu husawazishwa kwa kumfikiria mtu aliyeketi karibu na hapo.

Nafasi ya pili ni ya filamu zinazoshindanishwa katika matamasha ya Cannes, Venice na Berlin. Cannes huingiza filamu zipatazo 20 tu katika shindano lake kuu, na mshindi huamuliwa na jopo dogo la watu wasiozidi kumi, kwa hiyo ladha yake huwa na ujasiri ambao kura ya maelfu haiwezi kuwa nao. Ujasiri huo una gharama: filamu inaweza kwenda polepole kiasi cha kumchosha mtu aliyekuja kupumzika. Ladha ya jopo hilo na ile ya wapigakura wa Oscar hukutana mara chache, kama ilivyokuwa kwa Parasite, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2019 na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya Filamu Bora. Kwa filamu zenye manukuu kama hizi, mimi hupendelea ukumbi, si kwa ajili ya picha, bali kwa kuwa nyumbani jicho likihamia kwenye simu sekunde tano tu, mazungumzo yameshapita.

Ya tatu ni filamu iliyoteuliwa kwa mswada wake. Mazungumzo mazuri hayapungui utamu kwenye skrini ndogo, hivyo ikodi mtandaoni. Huduma nyingi hukupa siku 30 za kuanza kuitazama na saa 48 za kuimaliza ukishaanza. Usiinunue moja kwa moja isipokuwa una hakika utairudia, na ukumbuke kwamba unachonunua mtandaoni kwa kawaida ni leseni ya kutazama tu.

Wengi watashangaa kuona kipengele cha Filamu Bora kimeshuka hadi nafasi ya nne. Kwa miongo mingi kilikuwa na nafasi tano. Kwa filamu za mwaka 2009 zikaongezwa hadi kumi, baadaye idadi ikawa inabadilika, na tangu hafla ya mwaka 2022 zimekuwa kumi kamili. Waongozaji wanaoteuliwa ni watano tu, maana yake angalau filamu tano kati ya zile kumi hazikupata kura za kutosha kumweka mwongozaji wake miongoni mwa walio bora. Hapo ndipo pa kuchuja: ikiwa filamu imeteuliwa pia kwa uongozaji na uhariri, ipandishe na uilipie tiketi, ikiwa imeandamana na wimbo na vipodozi tu, isubiri.

Filamu iliyoteuliwa kwa uigizaji pekee huwa ya tano. Niliwahi kulipia tiketi mbili kwa ajili ya mwigizaji mmoja aliyesifiwa kila mahali, na kweli aliigiza kwa namna ya ajabu, ila kila alipotoka kwenye skrini, hadithi nayo ilikata roho. Filamu ya namna hiyo inafaa kungojewa kwenye huduma ya malipo ya mwezi, ambayo unaweza kujisajili kwa mwezi mmoja, ukatazama filamu tatu au nne zilizoteuliwa, kisha ukasitisha.

Mwisho kabisa naweka wimbo bora, pamoja na lebo yoyote ya Golden Globe, tuzo nyingine za Marekani, isiyotaja kipengele. Tuzo za Golden Globe hugawa filamu za maigizo mazito na zile za vichekesho au muziki, na mgawanyo huo umewahi kuleta vioja: mwaka 2016 The Martian, hadithi ya mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, ilishinda kama filamu bora ya muziki au vichekesho.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika biashara hii hata chema hutembezwa, kwa hiyo yasome mabango kwa makini. Kuwasilishwa si kuorodheshwa, na kuorodheshwa si kuteuliwa: katika kipengele cha filamu za kimataifa cha Oscar, orodha ya awali huwa na filamu 15, na zinazoteuliwa ni tano tu. Alama ya matawi mawili ya majani inayowekwa kwenye mabango nayo hutolewa na matamasha mengi madogo yanayotoza ada ya kushiriki, kwa hiyo soma jina lililoandikwa katikati ya matawi hayo kabla ya kukata tiketi.