Simu ya inchi 6.6 kwa mkono wa kushoto: uzoefu wangu na Galaxy A34

Natumia mkono wa kulia kwa kila kitu isipokuwa simu. Simu naishika kushoto, maana hapa Dar mkono wa kulia una kazi zake: ndio wa kulia chakula, ndio wa kumpa konda nauli, ndio wa kumsalimia mtu mzima. Huwezi kumkabidhi mama mkwe chenji yake kwa kushoto eti kwa sababu kulia umeshika simu. Kwa hiyo nilipochukua Samsung Galaxy A34, kamera na chaji niliviacha kwanza. Nilichotaka kujua ni kama hili dude nitalimudu kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, na viganja vyangu hivi vidogo.

Nalimudu. Ila kilichonisaidia zaidi si kile ambacho Samsung wenyewe wamekiita matumizi ya mkono mmoja.

Kwanza vipimo, kwa sababu inchi za kioo zinadanganya. A34 ina urefu wa milimita 161.3, upana milimita 78.1 na uzito wa gramu 199. Mwaka 2011 Samsung walipotoa Galaxy Note ya kwanza, kioo chake kilikuwa inchi 5.3 tu na watu wakaicheka kwa ukubwa. Lakini Note ile ilikuwa na upana wa milimita 83, yaani ilikuwa pana kuliko hii yangu ya inchi 6.6. Simu za siku hizi zimerefuka kwenda juu kuliko zilivyopanuka. Kuishika si shida sana. Shida ni robo ya juu ya kioo, ambako gumba halifiki mpaka uisogeze simu kiganjani, na hapo ndipo inapochoropoka.

Sasa hiyo njia rasmi. Ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya vipengele vya ziada, utakuta hali ya mkono mmoja. Ukishaiwasha, unatelezesha kidole kwenda chini pale katikati ya ukingo wa chini wa kioo, na kila kitu kinasinyaa na kukaa kwenye kona moja. Kuna mshale wa kukihamishia kushoto au kulia, na unaweza kuvuta pembe kubadili ukubwa. Ukigusa sehemu nyeusi, kioo kinarudi kama kawaida. Inafanya kazi, sikatai. Lakini umenunua kioo kikubwa ili usome vizuri, halafu unakisinyaza mpaka maandishi yanakuwa ya kukodolea macho? Mimi naitumia kwa dharura tu. Kuna programu moja ya benki, siitaji, imeweka menyu yake kwenye kona ya juu kabisa kulia, sehemu iliyo mbali kuliko zote kwa gumba la kushoto. Hapo nasinyaza, nagonga, narudisha.

Kilichobadilisha maisha ni kuvishusha vitu vyenyewe. Badala ya gumba kupanda, vitu vinateremka.

Nilianza na kibodi. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, unashikilia kitufe cha koma, unachagua alama ya mkono, na herufi zote zinasogea upande mmoja. Yangu nimeipeleka kushoto. Ukitaka kuona faida yake, nenda kwa mama ntilie saa saba mchana. Vidole vya kulia vina ugali na mchuzi wa dagaa mpaka kwenye viungo, na bosi anauliza ule mzigo umefika wapi. Gumba la kushoto linafika mpaka kwenye P bila simu kutingishika, unamjibu, na tonge linaendelea. Shangazi yangu akiniona ananikaripia kwamba chakula hakiliwi na simu, na ana haki yake. Kutelezesha kidole juu ya herufi bila kukiinua nimekujaribu pia. Kwa maneno mafupi ni raha, ila maneno yetu yenye viambishi vingi, mfano “hawajatuletea”, yanalizungusha gumba safari ndefu, kwa hiyo hayo naanza herufi chache kisha nachukua neno linalopendekezwa juu.

Pili ni pazia la arifa. Kwa kawaida unalivuta kutoka juu kabisa, lakini kwenye mipangilio ya skrini ya nyumbani kuna swichi inayokuruhusu kulishusha kwa kutelezesha popote hapo nyumbani. Washa hiyo leo hii. Aikoni zangu za kila siku nimeziteremsha safu za chini na kuziegemeza kushoto; huko juu nimeacha saa tu na picha. Kuperuzi nimehamia kivinjari cha Firefox, ambacho tangu mwaka 2020 kinakuruhusu kuiweka sehemu ya kuandika anwani chini ya kioo. WhatsApp nao mwaka 2024 waliteremsha vitufe vya kuhamia kwenye chati na simu vikakaa chini kwenye Android. Kwa Samsung wenyewe, One UI, yaani sura wanayoivisha Android kwenye simu zao, imejengwa kwa fikra hiyohiyo: ukifungua mipangilio, kichwa kikubwa kinakaa juu na orodha inaanzia kati, na visanduku vya kuuliza uthibitishe au ughairi hutokea chini. Nilikuwa nadhani ni urembo, mpaka nilipoanza kuitumia nikiwa nimening'inia kwenye basi la mwendokasi la Kimara, mkono mmoja juu kwenye bomba.

Pete sasa. Nilinunua ya chuma, ile ya kubandika mgongoni mwa simu na kupitisha kidole, pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na kwa bei yake ndicho kitu kilichonilipa kuliko vyote. Bila pete, uzito wote wa simu unaegemea kidole kidogo unachokikunja chini kuizuia, na ukiwa msomaji wa magrupu marefu ya WhatsApp, jioni kinauma. Ukiingiza kidole cha kati kwenye pete, kidole kidogo kinapumzika na gumba linapata uhuru wa kwenda. Mahali pa kuibandika ni jambo la kufikiria. Ukiiweka chini sana, simu inapinduka kwa kichwa. Ukiiweka juu, gumba halifiki kwenye kitufe cha nafasi. Yangu iko chini kidogo ya katikati. Na usiibandike kwenye kava la silikoni, gundi haishiki, tafuta kava gumu la plastiki. A34 haina chaji isiyo na waya, kwa hiyo hakuna unachoharibu kwa kuweka chuma mgongoni. Tusidanganyane kwamba pete inazuia vibaka, lakini. Dirishani mwa daladala, simu inakaa mfukoni.

Kuna faida ya kushoto ambayo sikuitarajia. Vitufe vya sauti na cha kuwashia viko ubavu wa kulia, kwa hiyo ukiishika kwa kushoto vinaangukia chini ya vidole vingine, si chini ya gumba. Kupiga picha ya skrini, ambako kunataka ubonyeze viwili kwa pamoja, ni suala la kubana tu. Kamera inafunguka kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, na kitufe cha sauti kinafyatua picha. Alama ya kidole iko chini ya kioo. Nimesajili gumba la kushoto mara mbili na inanifungulia haraka. Kwenye ramani za Google, ambako wengi wanaamini lazima vidole viwili, gonga mara mbili na safari ya pili usikiinue kidole, telezesha juu na chini: ramani inakua na kupungua.

Kisicho cha kushoto ni programu zilizobuniwa kwa kudhani kila mtu ni wa kulia. Kitufe cha kuanzisha ujumbe mpya, karibu kila mahali, kiko chini kulia. Gumba langu linafika, ila kwa kujinyoosha.

Ukienda dukani, usikomee kwenye inchi. Ishike pamoja na kava utakalotumia, maana yale makava mazito ya mpira yanaongeza upana, halafu uone kama gumba linagusa ukingo wa pili bila kuachia. Likigusa, urefu utaumaliza kwa mipangilio niliyoeleza. Lisipogusa, hakuna mpangilio unaopunguza upana. Galaxy A54, iliyotoka mwaka 2023 sawa na A34, ina kioo cha inchi 6.4 na upana wa milimita 76.7, ingawa kwa gramu 202 ni nzito kidogo. Mdogo wangu amechukua hiyo, na mpaka leo hajaona haja ya pete.