Vinia, rangi au fomaika? Ununue nini kuvalisha boksi la spika ulilojitengenezea

Boksi limeshakauka gundi, limesimama juu ya meza, na kila anayeingia anauliza kama umeanza kufuga nyuki. Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani na kurudi na chochote chenye rangi ya mbao. Mimi nimevalisha jozi tano mpaka sasa. Mbili kati ya hizo nilizivua nikazivalisha upya, kwa hiyo naongea kama mtu aliyekwisha kulipa ada.

Jambo moja tuliondoe njiani kwanza. Vinia, yaani gamba jembamba la mbao halisi, kwa kawaida ina unene wa nusu milimita hivi, na boksi lako la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) lina kuta za milimita 18. Muuzaji akikuambia vinia ya mninga "inatoa besi tamu", huyo anauza maneno. Unachonunua ni sura, pamoja na kinga dhidi ya maji na mikono ya watoto. Hata LS3/5A, ile spika ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, sauti yake ilitegemea kuta nyembamba za plaiwudi zilizobandikwa vifaa vya kuzima mtetemo kwa ndani. Vinia ya msaji iliyovaa nje ilikuwa ya macho.

Pili, hesabu. Chukua boksi la kimo sm 38, upana sm 22 na kina sm 28. Nyuso zake zote sita ni nusu ya mita ya mraba, kwa hiyo jozi inakula mita moja. Ongeza asilimia 20 ya makosa na ya kupanga maua ya mbao, ile michoro ya nyuzi zake, yaelekeane. Karatasi ya futi 8 kwa 4 ina karibu mita za mraba 3, yaani ukiwa peke yako utabaki na karatasi nyingi ya kutunza uvunguni mwa kitanda. Tafuta mwenzako mgawane. Na bei ilinganishe kwa mita ya mraba, maana vinia zingine huuzwa kwa vipande vyembamba vinavyoonekana rahisi mpaka uanze kuviunga. Sasa machaguo yenyewe, nikianza na ninalompendekezea zaidi anayeanza.

Namba 1: vinia yenye mgongo wa karatasi

Hii ni mbao halisi iliyobandikwa kiwandani juu ya karatasi ngumu. Ukiikunja haipasuki hovyo, inakatika kwa mkasi, na upana wake unafunika ubavu mzima bila kiungo. Kwa jozi ya kwanza nunua hii, gundi nyeupe ya seremala, na pasi ya mtumba. Usiazime pasi ya nguo ya nyumbani, utatafutana na watu.

Paka gundi kwenye boksi na mgongoni mwa vinia kwa rola ndogo ya sponji, tabaka jembamba lililosambaa sawasawa. Acha mpaka weupe uishe, gundi ionekane kama kioo na isishike kidole. Kingo za MDF zipake mara mbili, kwa sababu hunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji. Kisha laza vinia, tandika kitambaa cha pamba juu yake, weka pasi kwenye joto la nguo za pamba bila mvuke, uanzie katikati ukienda pembeni polepole. Mkono wa pili ushike kipande cha mbao kinachofuata nyuma ya pasi na kukandamiza wakati pale panapoa. Hatua hii ya kukandamiza ndiyo watu wanairuka, halafu wanailaumu gundi.

Ikipoa, pitisha ukucha. Paliposhika panatoa sauti kavu, palipo na uwazi panalia kama ganda tupu la yai. Piga pasi tena hapo. Pakigoma, chana kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi kwa bomba la sindano, subiri kidogo, rudisha pasi. Mchano wa kufuata nyuzi hata wewe mwenyewe utasahau ulikuwa wapi.

Anza na chini na nyuma, kisha mbavu, kisha juu, uso wa mbele uje mwisho. Kwa mpangilio huo kila kipande kinafunika ukingo wa kilichotangulia, na anayekaa kwenye kochi haoni mstari wowote. Kila upande acha ziada ya milimita 5 hadi 10, uikate kwa wembe mpya, umalizie kwa msasa uliogundishwa kwenye ubao. Sukuma msasa kuelekea ndani ya boksi tu. Ukiurudisha nje unang'oa nyuzi, na hapo ndipo roho inapouma.

Dukani kuwa na macho. Kuna karatasi zilizochapwa picha ya mbao zinazouzwa kwa jina la vinia. Tafuta kifundo kimoja cha mbao na uangalie kama pacha wake yuko sentimita kadhaa mbele. Ukimwona, hiyo ni picha. Au dondosha tone la maji: mbao halisi hulinyonya na kukoza rangi, na rangi hiyo iliyokoza ndiyo utakayoipata ukipaka vanishi, kwa hiyo jaribio moja linakujibu maswali mawili. Inyanyue vinia uielekeze kwenye mwanga kutafuta vitundu. Kama unanunua karatasi mbili, omba zilizofuatana kwenye mkupuo mmoja, la sivyo spika ya kushoto na ya kulia zitaonekana kama ndugu wa mama mbalimbali.

Namba 2: bodi iliyokwisha kuvalishwa kiwandani

MDF au plaiwudi yenye vinia pande zote mbili. Hii ni ya mtu ambaye hajakata boksi bado. Kama boksi liko tayari, ruka sehemu hii. Faida yake ni kwamba kazi ya pasi unaikwepa kabisa. Tatizo ni kingo. Ama ukate kila kona kwa pembe ya nyuzi 45, ama ubandike utepe wa vinia kwenye kingo zilizo wazi. Pembe hiyo inadai mashine ya meza iliyonyooka, na mafundi wa Keko pale Dar es Salaam au wa Ngong Road Nairobi wengine wanazo. Mwombe akukatie kona moja ya majaribio kwa vipande vya taka, uiunganishe mbele yake. Ikiachia hata milimita moja, shukuru, nenda kwa jirani yake.

Tahadhari moja: vinia ya bodi hizi ni nyembamba sana. Msasa wa mkono, namba 180 au 240, mara chache, basi. Ukiweka mashine ya msasa wa mkanda utaiona kahawia ya MDF kabla hujavuta pumzi.

Namba 3: rangi

Watu wanaidharau rangi bila sababu. Uso wa MDF ni laini kuliko mbao nyingi, na rangi nyeusi isiyong'aa iliyopulizwa vizuri inaonekana ya dukani. Kazi nzito iko kwenye kingo na viungo. Ziba kingo kwa puti ya magari au sila (kimiminika cha kuziba vinyweleo), piga msasa, ziba tena, kisha praima, msasa 240, praima, msasa 320. Ukishachoka, rudia mara moja zaidi. Rangi ya kung'aa ni shahidi asiyehongeka, itataja kila kosa lako.

Huna kompresa? Peleka boksi gereji kwa fundi rangi wa magari. Mwambie wewe ndiye utakayepiga msasa, yeye apulize tu. Mara nyingi bei inashuka. Ila ujue kwamba baada ya miezi kadhaa mstari wa kiungo cha bodi unaweza kujitokeza chini ya rangi, kwa sababu bodi hutanuka na kusinyaa kwa unyevu. Ukiweza, viungo viweke juu na chini, visiwe mbavuni.

Namba 4: vinia mbichi

Isiyo na mgongo wowote. Hapa ndipo penye maua mazuri kuliko yote: mninga, mkangazi, sapeli, na msaji ukibahatika. Ningeiweka juu kama ningekuwa namwandikia seremala. Kwa anayeanza, inajikunja, inapasuka kufuata nyuzi, na vipande vyake vyembamba vinahitaji kuunganishwa ili kufunika ubavu wa sm 28. Msaji una mafuta yake yenyewe, kwa hiyo uso wa kugundisha upanguswe kwa thina kwanza ndipo ushike.

Na tafadhali, usitumie gundi ya viatu chini yake. Jozi yangu ya pili niliibandika mninga mbichi kwa gundi hiyo, ikashika papo hapo, nikajisifu. Nikaipeleka ikapulizwe laka iliyolegezwa kwa thina. Asubuhi nikakuta ubavu mzima umevimba kama maandazi. Thina ilipenya kwenye vinyweleo vya mbao ikaenda kuilegeza gundi kule chini. Fundi alicheka, mimi nilinunua vinia mara ya pili. Gundi hiyo ichunge hata kwenye vinia yenye mgongo wa karatasi. Kama ni lazima uitumie, basi juu yake paka kitu kisicho na thina kali.

Namba 5: fomaika

Hili ni karatasi ngumu ya plastiki ya kubandika, kwa baa, ukumbi, au nyumba yenye watoto watatu na paka. Haikwaruziki kirahisi, inafutwa kwa kitambaa chenye maji, na hapa gundi ya viatu ndiyo mahali pake. Lakini mstari mweusi kwenye kila kona hauondoki, na kuikata sawia kunataka mashine ya ruta au tupa na subira. Kwa maboksi makubwa ya muziki wa kukodisha, hata fomaika iache, funga zulia au upake rangi nzito ya chenga.

Namba 6: stika ya plastiki

Ni rahisi, inabandikwa kwa jioni moja, na kwa joto la pwani kona zake huanza kufunuka. Nunua tu kama unataka kuona boksi litafananaje kabla hujaamua.

Mtu ataniuliza, mbao nzima je? Mbona nisijenge kwa mninga mtupu nikapumzika? Mbao nzima inapumua. Boksi lililojengwa kwenye unyevu wa Tanga likihamia Dodoma litasinyaa kukatiza nyuzi, na palipofungwa kwa nguvu patapasuka. Inawezekana, ila nyuzi zote lazima zizunguke boksi kwa mwelekeo mmoja, na mbao ziwe zimekauka kwelikweli, siyo za "zimekauka juzi".

Sasa cha kupaka juu ya vinia. Kwa mtu wa nyumbani asiye na kompresa, chaguo langu la kwanza ni vanishi ya poliyurethani iliyolegezwa kidogo, ikipakwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tabaka nne au tano nyembamba, na msasa wa 320 katikati. Inakauka taratibu, hivyo vumbi ndilo adui. Mwaga maji sakafuni kabla ya kuanza na usipake karibu na dirisha la barabarani. Cha pili ni sendingi sila kisha laka ya kupuliza, ambayo mafundi wengi wanaipenda kwa sababu inakauka haraka na ikikosewa inarekebishika. Cha tatu ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa: yanapendeza kuliko vyote siku ya kwanza, ila kinga yake ni ndogo, na matambara yake usiyakunje ukayaacha kwenye kona. Yanaweza kujipasha moto yenyewe mpaka yakawaka. Yaanike nje yakiwa yametandazwa.

Wakati wote huo spika zenyewe ziwe chumba kingine. Vumbi la msasa linaingia kwenye nafasi ya koili, ule waya uliozungushwa karibu na sumaku ya spika, na ukisugua kwa pamba ya chuma vijinyuzi vyake huvutwa na sumaku na havitoki tena. Vaa barakoa unapopiga msasa MDF, vumbi lake ni laini sana na lina gundi ndani yake.

Kitu cha mwisho cha kununua ni kidogo kuliko vyote: miguu ya mpira, minne kwa kila boksi. Nyumba zetu hupigwa deki, na MDF iliyokaa sakafuni hunyonya maji kwa chini, ikavimba milimita mbili na kuisukuma vinia juu. Tako la boksi lipake vanishi tabaka mbili, funga miguu, halafu nenda kamwonyeshe anayepiga deki ni kitu gani hicho.