Kopo la "kusafisha mionzi": nimempa mwanangu siku tisa, msilinunue

Mwezi wa sita mwanangu wa miaka minane alianguka kutoka juu ya mwembe kwa bibi yake kule Bahi, akazimia dakika kadhaa. Tukamkimbiza Dodoma mjini, akapigwa kipimo cha CT cha kichwa, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa mionzi kama ya eksirei. Namshukuru Mungu, ubongo ulikuwa salama. Ila mimi nilitoka pale na hofu nyingine. Nimesikia miaka yote kwamba mionzi inaleta saratani, na mtoto ndiyo kwanza yuko darasa la pili.

Hofu hiyo nikaipeleka kwa dada mmoja wa kwenye vikoba anayeuza virutubisho. Akaniambia anao unga wa kutoa mionzi mwilini kwa waliopigwa eksirei au CT, tena sisi watu wa huku tunauhitaji zaidi kwa sababu ya urani ya Bahi, yale madini yenye mionzi. Hapo akanimaliza. Kwetu ni Bahi, na watafiti wa urani walipokuja huko maneno yalikuwa mengi hayakwisha. Nikatoa 85,000, nusu taslimu, nusu kwa simu.

Kopo ni la plastiki, unga wake wa kijani kilichokolea, unanuka kama pwani maji yakitoka. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Mtoto alikuwa anaziba pua, anafumba macho, anameza. Siku ya nne tumbo likaanza kumkata. Siku ya tisa akakataa uji wowote, hata usiotiwa kitu. Nikalibeba kopo mpaka duka la dawa la Majengo ninakonunua vidonge vya presha vya mama.

Mfamasia wa pale ni kijana, huwa tunaamkiana kwa "mbukwa". Hakusema kitu kwanza. Alisoma lebo yote, akaligeuza kopo, akasoma tena. "Mama, hapa wameandika mwani. Mwani una madini joto. Wameandika kiasi gani?" Tukatafuta wote wawili, hakuna. Namba ya usajili hakuna, jina la kiwanda hakuna. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa. Akakikwangua pembeni kwa kucha taratibu, na chini yake ikatokea tarehe nyingine, ya mwaka juzi. Miguu iliniisha nguvu. Siku tisa nimemlisha mwanangu kitu kile kwa mkono wangu.

Akanivutia stuli, akanieleza. Mionzi ya CT ni kama mwanga wa tochi: ukizima, haupo, na hakuna kilichobaki ndani cha kusafishwa. CT ya kichwa kwa kawaida ni kama milisivati 2 (milisivati ndiyo kipimo cha mionzi anayopata mtu), wakati mionzi ya asili ya ardhini na angani humpa mtu, kwa wastani wa dunia, kama 2.4 kwa mwaka. Hatari ipo, ni ndogo, ndiyo maana hawapimi bila sababu. Kwa mtoto aliyeanguka akazimia, sababu ilikuwepo.

Nikamuuliza, kwa hiyo dawa ya mionzi haipo kabisa? Ipo, akasema, ila kila moja na kazi yake. Kuna vidonge vya potasiamu aidodaidi. Hivyo huijaza tezi ya shingo madini joto salama, ili yale yenye mionzi yanayotoka kwenye mtambo wa nyuklia uliopata ajali yakija yakute nafasi imejaa. Mtu mzima miligramu 130, mtoto wa umri wa wangu 65, na humezwa kabla tu au ndani ya saa chache, si wiki mbili baadaye. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, Polandi iliwapa madini joto namna hiyo watoto zaidi ya milioni 10. Yanakinga tezi hiyo peke yake. Kwa urani hayasaidii, kwa CT hayasaidii. Na ukimpa mtoto madini joto mengi bila kipimo unaweza kuivuruga tezi ile ile, wakati chumvi yetu ya dukani tayari inayo.

Habari iliyonikaa kichwani mpaka leo ni ya Goiânia, Brazili, 1987. Watu waliibomoa mashine ya kutibu saratani iliyoachwa kwenye jengo la zamani, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na sisiamu yenye mionzi, inang'aa buluu gizani, watu wakagawana, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki. Baadhi ya walionusurika walimezeshwa Buluu ya Prusia, rangi ile ile ya wachoraji, ambayo huinasa sisiamu tumboni ikatoka na choo. Wale mionzi ilikuwa imeingia mwilini kweli. Mdogo wangu ananunua vyuma chakavu Kizota. Nilimpigia jioni ile ile nikamsimulia, na nikamsihi akiletewa kifaa chochote cha hospitali asikifungue.

Yule dada nilimpigia anirudishie hela. Akajibu kwamba nimekatisha dozi, mionzi itarudi. Kwa neno hilo ndiyo nimeandika haya, kwa sababu najua linavyomkamata mzazi ambaye bado hajalala vizuri tangu mtoto aanguke. Kopo nalipa nyota moja. Hela sijarudishiwa.

Duka la dawa nalipa tano. Alitumia karibu nusu saa na mimi, hakuniuzia hata panadoli. Kabla sijaondoka aliniandikisha kwenye daftari la kliniki la mtoto: CT, kichwa, Juni, ili daktari mwingine akitaka kupima tena ajue kwamba alishapimwa. Asubuhi pana foleni ndefu, nendeni baada ya saa tisa.