Drili ya betri ya volti 18: miezi 14 kwenye milango ya mtiki

Kazi inayonilisha ni kufunga milango. Karakana yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, lakini nyumba nyingi ninazofungia ni mpya, ziko pembezoni kule Kange na Pongwe, na mara nyingi umeme haujavutwa. Zamani nilitegemea drili ya waya na jenereta la kukodi. Petroli ikala faida yangu yote.

Mwaka jana nikajibana nikanunua drili kubwa ya betri, volti 18, mota isiyotumia kaboni, na betri mbili za ampea-saa 5. Laki sita na nusu. Dukani nusura nichukue iliyoandikwa volti 20 nikidhani ina nguvu zaidi. Kumbe ni kitu kilekile: ndani kuna seli tano mfululizo, kila moja volti 3.6, jumla 18. Zikitoka kwenye chaja zimejaa, zinafika 20, na kuna viwanda vinavyoamua kuandika hiyo. Jamani, msiongeze hela kwa ajili ya namba hiyo. Ulizeni niutoni mita, yaani nguvu ya kuzungusha. Yangu ni 125, na hapo ndipo ninapoiona thamani yake: mtiki mkavu wa Longuza, nazamisha msumeno wa duara wa tundu la kitasa kwa gia namba moja, haikwami. Drili yangu ndogo ya zamani ilikuwa inatoa moshi.

Nguvu hiyo ilinitia adabu. Wiki ya kwanza mpini wa pembeni niliuacha kwenye boksi. Biti ikanasa kwenye kifundo cha ubao, mashine ikazunguka yenyewe, ikanipinda mkono. Siku nne sikushika randa. Sasa kijana wangu simpi drili hii mpaka mpini uwe umefungwa, hata kama ni tundu moja tu.

Klachi, ile ringi ya namba inayoachia skrubu ikishakaza, ni nzuri. Skrubu za shaba za bawaba ni laini, ukizidisha kichwa kinaharibika; naanzia namba ya chini, napandisha taratibu mpaka izame sawasawa.

Sehemu ya nyundo isikudanganye. Tofali za saruji inatoboa vizuri kwa biti ya milimita 8. Lenta ya zege hapana, utaichosha mota na kujichosha mwenyewe. Kazi hiyo naenda kukodi drili ya zege.

Betri moja inanimalizia milango mitatu, bawaba na vitasa. Ila joto! Niliiacha kwenye boksi la pikipiki juani, nilipoichomeka chaja ikawa inawaka taa na kukataa. Haikuwa mbovu, chaja inasubiri betri ipoe. Siku hizi naifunga kwenye kitambaa na kuiweka kivulini. Na kama kazi iko karibu na bahari, kama Raskazone, jioni upanguse mdomo unaoshika biti kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Wangu ulianza kutu ndani ya mwezi.

Uzito ndio unaonisumbua. Ikiwa na betri inapita kilo mbili, na kwenye dari mikono inakufa mapema. Kwa dari bado natumia ile ndogo. Kwa milango siirudii ya waya. Mwezi uliopita Pongwe nimefunga saba kwa siku mbili, betri nikichajia kwa mama jirani mwenye sola na inveta.