Tactrix OpenPort 2.0 kwenye Subaru STI: soma injini kabla ya kuomba nguvu

Karibuni tena, wapenzi wa magari. Leo nimewaletea kitu ambacho mmekiulizia sana kwenye ujumbe wenu: Tactrix OpenPort 2.0. Ni hiki kiboksi kidogo hapa mkononi, cha kusoma na kuandika upya kompyuta ya injini. Upande huu kuna plagi ya pini 16 inayoingia kwenye tundu la OBD, lile la uchunguzi wa gari, chini ya usukani, upande huu kuna USB ya kwenda kwenye laptopu, na hapa pembeni unachomeka kadi ya microSD ukitaka irekodi bila laptopu. Hicho ndicho kifaa chote. Hakina kioo wala kitufe cha kuchagua ngazi ya nguvu, steji 1 na steji 2.

Gari nitakaloongelea ni Impreza WRX STI ya umbo la GDB, ile sedani ya milango minne yenye injini ya EJ207, lita 2, turbo, iliyokuja kwetu kutoka Japani. Karatasi za kiwandani zinasema nguvu za farasi 280, na mshale wa mizunguko unafika 8,000 kabla ya kugusa wekundu. Mapenzi yetu kwa gari hili sihitaji kuyaeleza. Colin McRae alishinda Safari Rally hapa Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na watoto waliosimama kando ya barabara ya vumbi wakiwatazama ndio leo wanaoagiza STI.

Uamuzi wangu nautoa mapema: nunueni. Lakini nunueni kwa sababu kinakuonyesha injini yako inafanya nini, msinunue kwa ajili ya nguvu. Anayekinunua ili ashushe faili la bure mtandaoni na kulimwaga kwenye kompyuta ya injini usiku huohuo, pesa zake zitaishia kwenye pistoni mpya.

Sasa tuanze na kazi ya kwanza, ambayo watu wengi wanairuka. Unafungua programu ya EcuFlash, ambayo ni ya bure, na kabla ya kubadilisha chochote unaisoma kompyuta ya gari kama ilivyo. Kwa gari la aina hii unapata faili dogo tu, kilobaiti 512 kwa kompyuta nyingi za kampuni ya Denso za miaka hiyo, na ndani yake mna taimingi (lini cheche ipigwe), petroli, busti (presha ya turbo), kila kitu. Hilo ndilo tunaloliita ramani. Lihifadhi mahali pawili. Kisha angalia namba ya utambulisho wa faili na ulinganishe jedwali zake na faili asili la kiwanda la namba hiyohiyo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu hizi gari hazikuja mpya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo GDB zote unazoziona barabarani zimeshakaa hapa muda mrefu na kupita mikono mingi. Tena kabla ya hapo zilikuwa na mwenyewe Japani, na Mjapani mwenye STI naye anapenda kuichezea. Unaweza kufungua faili ukakuta busti imeshapandishwa na mtu usiyemjua, kwa petroli ambayo hapa hatuna. Mtu mwingine anakuja kuongeza juu yake akidhani anaanzia kiwandani. Hapo ndipo injini zinapokufa.

Na hili la petroli naomba tulitulie kidogo. Okteni ni uwezo wa petroli kustahimili kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya injini. Japani petroli ya premium kisheria ni okteni 96 kwenda juu, na ile inayouzwa kwenye vituo vyao huwa karibu na 100. STI ya Japani ilitengenezewa hiyo. Halafu kuna mafaili ya Marekani yanayozunguka mtandaoni, yameandikwa "93". Mtu wetu anaona 93, anaangalia pampu yetu inaandika 95, anasema mimi niko juu, nimejaa tele. Ndugu yangu, hapana! Wamarekani wanapima kwa wastani wa vipimo viwili vya okteni, RON na MON. Hiyo 93 yao ni kama 98 kwa kipimo cha RON, na RON ndicho kipimo tunachotumia sisi. Kwa hiyo ukiweka ramani hiyo na petroli ya 95, uko chini. Hakuna taa itakayokwambia.

Ila kifaa hiki kitakwambia. Angalieni hapa kwenye skrini, nimefungua RomRaider, nayo ni programu ya bure. Safu hii ni marekebisho ya taimingi pale sensa inaposikia injini inagonga. Ikiwa sifuri, injini imetulia. Sasa teremka nami kwenye mistari: mizunguko 3,600 sifuri, 3,900 sifuri, 4,100, haya, digrii hasi 1.4. Mstari unaofuata, hasi 2.8. Kompyuta imesikia kugonga ikarudisha taimingi nyuma. Dereva hakusikia chochote, redio inaimba, lakini ndani pistoni imepigwa nyundo. Na safu hii ya pili, kizidisho cha taimingi, kwenye kompyuta hizi kinatakiwa kikae kwenye 1. Ukikiona kimeshuka, jua kompyuta imeshapoteza imani na petroli uliyoweka, au na ramani uliyoweka.

Kasoro moja ya kiufundi muijue. Subaru za umri huu zinaongea na kebo kwa njia ya zamani, biti 4,800 kwa sekunde. Ukitia alama kila kipimo kwenye orodha, unapata mistari michache mno na tukio lote la kugonga linapita katikati ya mistari miwili. Chagua vichache: mizunguko, busti, taimingi, marekebisho ya kugonga, kizidisho, hewa inayoingia, joto la hewa, na mafunzo ya petroli, yaani marekebisho ya petroli ambayo kompyuta imejifunza yenyewe. Basi.

Hayo mafunzo ya petroli ndiyo yatakayokufichulia kile kichujio cha hewa cha umbo la koni ulichofunga kwa ajili ya mlio. Sensa ya hewa ya Subaru inahesabu kwa upana wa bomba lake. Ukibadilisha bomba, kompyuta inapiga hesabu ya hewa isiyo sahihi, na petroli inakosewa vivyo hivyo. Nimeona gari za watu zenye marekebisho ya juu ya asilimia kumi, na mwenyewe analalamika kwamba injekta ni mbovu. Rudisha boksi la kiwandani, tazama namba zinavyorudi mahali pake.

Jambo lingine ni letu sisi kabisa, wala hutalikuta kwenye maelekezo ya Wamarekani. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu, na presha ya hewa huko imepungua karibu moja ya tano. Kompyuta ya Subaru ina jedwali linaloshusha shabaha ya busti kadiri unavyopanda, ili turbo isizungushwe kupita kiasi. Sasa gari la Nairobi linapelekwa kutyuniwa, mwenyewe anataka busti ileile ya kitabuni, fundi anazima lile jedwali na kuongeza amri ya valvu ya wastegeti, ule mlango unaodhibiti busti. Likizo ya Desemba gari linateremka pwani, kwenye hewa nzito na joto, na amri ileile sasa inatoa busti zaidi. Ukiniuliza, ramani ambayo haijarekodiwa juu na chini haijakamilika. Mlipe fundi wako arekodi kote kuwili, au urekodi mwenyewe umtumie faili.

Kuandika ramani mpya kunahitaji utulivu. Kwa GDB lazima kwanza uunganishe zile plagi mbili za kijani chini ya dashibodi. Ukiwasha swichi utasikia pampu ya petroli na feni zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Hiyo ni ishara kwamba kompyuta imeingia hali ya majaribio. Za zamani zaidi zinadai na plagi nyingine ya ziada. Funga chaja kwenye betri ya gari, laptopu iwe kwenye umeme, uizuie isilale. Betri ikianguka katikati ya uandishi unabaki na kompyuta iliyokufa. Ukimaliza, zifungue zile plagi za kijani.

Pia msitegemee sensa ya oksijeni ya kiwandani kupima mchanganyiko wa hewa na petroli wakati turbo inasukuma. Mchanganyiko ukifika chini ya hewa 11 kwa petroli 1, sensa hiyo haisemi kweli. Fungeni kipimo cha ziada cha mchanganyiko kwenye bomba la eksozi, baada ya turbo.

Na kurekodi kwa kanyagio lote kufanyike kwenye dyno, mashine ya kupima nguvu ya gari, au kwenye uwanja uliofungwa, gia ya tatu, kuanzia mizunguko 2,500. Barabara ya Mombasa ina malori na watu wanaovuka. Hapana, tafadhali.

Kuhusu bei rahisi: masoko ya mtandaoni yamejaa nakala za kebo hii kwa sehemu ndogo ya bei. Nyingine zinasoma vizuri leo. Lakini kifaa kitakachoandika upya kompyuta ya injini yako si mahali pa kubahatisha. Nunua ya Tactrix wenyewe.

Mwenye Lancer Evolution, kebo hii ni yako pia, EcuFlash inazifahamu nyingi. Mwenye GC8, Impreza ya kabla ya GDB, ya miaka ya tisini, usinunue: kompyuta nyingi za wakati huo haziandikwi kwa njia ya tundu la OBD. Na mwenye GDB ambaye hajawahi kurekodi hata mstari mmoja, anza hivyohivyo na ramani uliyonayo, kabla hujamlipa mtu yeyote. Rekodi ikitoka safi, hapo ndipo mwite fundi wa dyno mkae mezani.