Darasa la jioni la Kiingereza Moshi, na juma zima la neno "run"

Msimu uliopita, tukiwa kambi ya Shira kwenye njia ya Machame ya kupanda Mlima Kilimanjaro, mgeni mmoja, mama wa makamo, aliniita pembeni kabla ya chai ya asubuhi akaninong'oneza kwamba ana "the runs". Mimi ni mwongozaji msaidizi, na Kiingereza changu nilikiokota mlimani kambi kwa kambi, kwa hiyo nilisikia lile nililolijua, yaani mbio. Nilimsifu kwa kuwa na nguvu, kisha nikamsihi asikimbie kwenye mwinuko ule bali atembee pole pole kama wenzake. Alinitazama, akanyamaza. Tulipokaribia Lava Tower midomo yake ilikuwa imekauka na miguu haimbebi tena, na hapo ndipo mwongozaji mkuu alipomhoji upya na kugundua kwamba alikuwa akiharisha tangu usiku wa manane. Alipewa ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kumrudishia mwili maji, na kupumzishwa, lakini safari yake iliishia kambi ya Barranco. Mtu aliyekuwa amejikusanya kwa haya yote kuniambia siri ya tumbo lake alikuwa amejibiwa habari za riadha.

Kwa sababu hiyo, masika yalipowapunguza wageni mlimani, nilijiandikisha katika darasa la jioni la Kiingereza lililoko mitaa ya nyuma ya stendi kuu ya mabasi hapa Moshi. Ada ni shilingi 60,000 kwa wiki sita, na vipindi ni siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Tulikuwa wapagazi, wapishi wa mlimani, madereva wa magari ya utalii, na akina dada wawili wa mapokezi hotelini. Sarufi ya wiki mbili za mwanzo ni ile ile ya shule ya sekondari, na aliyeisoma akaielewa hatapata jipya. Lililonifanya niandike haya ni wiki ya tatu, ambayo mwalimu aliitoa yote kwa neno moja tu, "run".

Nilidhani ni mzaha. Katika mji unaojaa wakimbiaji kila mwaka kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, nani asiyejua maana ya neno hilo? Mwalimu hakutukatalia. Alituomba kwanza tutaje maneno ya Kiswahili yanayotokana na kukimbia, na ndani ya dakika chache ubao ulikuwa na mkimbiaji anayetafuta medali, mkimbizi anayetafuta usalama, saa inayokimbia kwa sababu imetangulia wakati, na Mwenge wa Uhuru, ambao tangu uwashwe kilele cha Kilimanjaro mwaka 1961 tumeendelea kusema kwamba unakimbizwa, hata pale unaposafirishwa ndani ya gari. Baadaye akaandika piga, nasi tukamwagika: piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga deki, piga magoti, piga miayo. Akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kumweleza mgeni kwamba ameipiga simu, na mgeni akafikiri ni kwa fimbo. Tangu dakika ile hakuna aliyeliona neno la Kiingereza kuwa la ajabu, kwa sababu tulitambua kwamba nasi tunayo ya kwetu na tumeyazoea tu.

Njia yake ya kufundisha ndiyo ninayoisifia zaidi. Hakutupa orodha ya tafsiri tuikariri. Alitufundisha kwamba kila tusikiapo "run" tumtafute kwanza mtenda: ni nani, au ni nini, kinachofanya jambo hilo? Mtenda akiwa maji, machozi, rangi au pua, jambo ni la kutiririka: bomba linatoka maji, kitenge kinachuja, pua inatoka kamasi. Akiwa injini, jenereta au programu ya kompyuta, jambo ni la kufanya kazi. Njia, uzio au mto ukisemwa kwamba "runs", maana yake umepita au umeelekea mahali fulani, na hakuna kinachosogea. Mtu akiwa na kampuni, kambi au duka baada ya kitenzi hicho, basi anaendesha au anasimamia. Na mwanasiasa wa Marekani akisemwa kwamba "runs", anagombea, ingawa Waingereza hupenda zaidi kusema kwamba anasimama, jambo lililotuchangamsha kwa sababu mgombea mmoja anakimbia upande huu wa bahari na kusimama upande ule.

Kipindi kilichonigusa kuliko vyote kilihusu "run out". Mwalimu aliandika sentensi ya kawaida ya mlimani, ile ya kutaarifu kwamba maji yamekwisha, "We have run out of water", akatuomba tuilinganishe na Kiswahili chetu. Sisi husema maji yametuishia. Maji ndiyo yanayotenda, na sisi tunapatwa. Mwingereza huweka watu mwanzoni, kana kwamba wao ndio waliokimbia hadi wakatoka nje ya maji. Ndiyo maana wengi wetu huipindua sentensi hiyo na kumfanya mgeni asielewe ni nani aliyeishiwa na nini. Kwa anayefanya kazi njia ya Machame hili si suala la sarufi peke yake. Bonde la Karanga ndipo mahali pa mwisho pa kuchota maji kabla ya kambi ya Barafu, na kila tone linalotumika hapo limepandishwa mgongoni na wapagazi. Mgeni akisema jioni ile, kabla ya kuondoka usiku kuelekea kilele cha mita 5,895, kwamba maji yanamwishia, inapasa mtu aelewe mara moja na si baada ya kurudiwa mara tatu.

Vivyo hivyo kwa lugha ya afya. Tulijifunza kwamba mtu anayesemwa kuwa "running a temperature" ana homa, na kwamba ugonjwa ambao "runs in the family" ni wa ukoo, maneno ambayo wageni huyatumia sana tunapowauliza kuhusu pumu au moyo kabla ya kuanza kupanda. Kuhusu "the runs" nilinyoosha mkono na kulieleza darasa yaliyonipata Shira. Hakuna aliyenicheka. Mwalimu alitueleza kwamba wageni wengi huona aibu kutaja kuharisha kwa jina lake, hivyo hujificha nyuma ya neno hilo, kama sisi tunavyosema tumbo linanisumbua. Kisha akatuweka wawili wawili tufanye mazoezi ya kumuuliza mgonjwa kwa sauti ya chini na kwa adabu: tangu lini, mara ngapi, kuna damu, unakunywa maji kiasi gani. Kwa zoezi hilo peke yake ningelipa ada yote bila kunung'unika.

Mwishoni mwa juma tuliambiwa ukubwa wa jambo lenyewe. Katika toleo la mwaka 1989 la kamusi kuu ya Oxford, lenye juzuu 20, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipoanza kuiandika kamusi hiyo upya, "run" ikalipita, na kitenzi hicho peke yake kikahesabiwa kuwa na maana 645. Mpishi mmoja aliyekaa karibu nami alifunga daftari lake aliposikia hesabu hiyo, akalifungua tena mwalimu alipotuhakikishia kwamba tukishika makundi yale ya watenda, maana nyingi tutazibahatisha kwa usahihi.

Sasa niseme yasiyoridhisha, maana yapo na yanahitaji kurekebishwa. Karatasi tulizogawiwa zilikuwa nakala ya nakala, na maneno ya pembeni hayasomeki kabisa. Sauti tulizosikilizishwa zilikuwa za msemaji mmoja tu, Mwingereza anayetamka kila herufi taratibu, ilhali mlimani tunapokea Wamarekani, Waaustralia, Waholanzi na Wajerumani, kila mmoja na namna yake ya kumeza maneno. Matumizi ya "run" kama jina (nomino) yaliachwa kwa dakika za mwisho, umeme ukakatika, na hayakurudiwa; hata "a dry run", yaani jaribio la kabla ya kazi yenyewe, nililipata kwa kumuuliza mwenzangu. Tulikuwa pia zaidi ya thelathini katika chumba cha watu ishirini, na waliokaa nyuma, upande wa dirisha, walishindana na kelele za bodaboda kila jioni. Nilimweleza msimamizi haya yote kwa heshima siku ya kumaliza, naye akayaandika, ingawa hakuahidi lolote.

Kwa mwenye cheti kizuri cha kidato cha nne anayetaka Kiingereza cha mtihani, sioni sababu ya kutoa fedha zake hapo. Kwa mpagazi anayetaka kupanda daraja awe mwongozaji, au mwongozaji msaidizi aliyejifunza lugha kwa kusikia kama mimi, ninalipendekeza kwa moyo wote, hasa mkondo wa Aprili na Mei ambapo kazi ni chache na hutalazimika kukosa vipindi. Uwahi kufika upate kiti cha mbele, uende na daftari lako mwenyewe badala ya kutegemea karatasi zao, na umwombe mwalimu mapema afundishe "run" kama jina kabla ya wiki hiyo kwisha.

Mwezi Juni nilirudi mlimani. Usiku wa pili, kambi ya Shira ile ile, kijana mmoja kutoka Marekani alitoka hemani akiwa ameshika tumbo, akaanza kusema kwa kusitasita kwamba ana "the..." na kabla hajamaliza nikamuuliza, kwa sauti ya chini, tangu saa ngapi. Asubuhi alikunywa uji, akamaliza chupa mbili za maji yenye ORS, akapanda nasi.