Kibali changu cha muda cha Nane Nane Mbeya: angalia tarehe kabla hujatoka dirishani

Nina mgahawa mdogo Makambako. Leseni ya biashara ninayo, TIN ninayo. Nilipoamua kwenda kupika kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, nilidhani ni kufungasha masufuria na kupanda basi. Kumbe leseni inataja mahali pa biashara, na yangu imeandikwa Makambako. Ili niuze chakula Mbeya kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti nikatakiwa niwe na kibali cha muda, nilipie eneo la banda, na kila atakayeshika chakula apimwe afya. Tulikuwa watatu.

Malipo yalinifurahisha kweli. Nilipewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu palepale nilipokuwa nimesimama, risiti ikaingia kwa meseji. Hakuna aliyeshika hela yangu mkononi. Vipimo vya afya ndivyo vilivyokula muda. Majibu ya msaidizi wangu mmoja tuliyafuata mara mbili.

Kibali nikakipata tarehe 30 Julai. Usiku, nyumba ya wageni, nikakitandaza kitandani nikipige picha nimtumie mume wangu. Ndipo nikaona: mwisho 07/08.

Aliyewahi kuuza chakula Nane Nane ananielewa. Siku za mwanzo unarudisha gharama za mchele, mkaa na nauli. Tarehe 8 ni kilele, ni sikukuu, watu wanakuja na watoto wao kutoka Tukuyu, Kyela, Mbarali. Faida yote iko pale. Sikulala.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi iliyonipa kibali. Kijana wa dirishani akaniambia nijaze ombi jipya na nilipie upya. Nikakataa, kwa adabu lakini nikakataa, maana fomu yangu niliipiga picha kabla ya kuikabidhi, na tarehe 8 inasomeka wazi kwa mwandiko wangu. Kosa la kwao nililipie mimi kwa nini? Mama mmoja wa meza ya nyuma akaomba simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akamwambia mwenzake, "Hii ni yetu, mtolee kingine." Kikachapishwa saa saba mchana, bila kuongezwa hata shilingi. Namshukuru sana yule mama, ila asubuhi nzima ya kununua vitu sokoni ilikuwa imekwenda.

Mwakani nitaomba tena, huduma yenyewe inafaa. Ombi nitalipeleka mwanzoni mwa Julai, kabla msongamano haujaanza, na picha ya fomu nitapiga tena.

Tarehe 8, kwenye saa sita, afisa afya alipita bandani kwetu akaomba karatasi. Alisoma tarehe, akanirudishia, akauliza kama wali umebaki. Sufuria la tatu lilikuwa ndiyo kwanza linapaliwa mkaa.